Neno la Mgonjwa na Jedwali la Taarifa: Uhakiki wa Takwimu za Afya za Kolwezi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia tenzi, riwaya na tamthiliya, na baadhi yao wameupanua uwanja huo hadi kwenye nyimbo za dansi, majina ya khanga na maandishi ya nyuma ya magari. Makala haya yanashughulikia matini ambayo haijapewa nafasi ya kutosha katika taaluma yetu, ingawa huandikwa kila mwezi katika maelfu ya vituo vya afya, na ingawa uzima wa wasemaji wengi wa Kiswahili hutegemea yale yaliyomo ndani yake. Matini yenyewe ni jedwali la taarifa za afya, yaani karatasi au ukurasa wa kompyuta ambamo maneno ya wagonjwa hugeuzwa kuwa idadi.

Mahali tulipopachagua ni Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na ukanda wa shaba unaouzunguka. Zipo sababu mbili za uchaguzi huo. Kwanza, Kiswahili ndiyo lugha kuu ya sokoni, migodini na mitaani Kolwezi, lakini taarifa za afya huandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo, idadi nyingi zinazotoka katika vituo vya mji huo zimepitia tafsiri, hata kama hakuna aliyeitwa mtafsiri. Pili, hapa ni mahali ambapo swali la chanzo cha ugonjwa haliwezi kuepukwa. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake huchimbwa Lualaba, mara nyingine hatua chache kutoka kwenye vitanda vya watu.

Siku hizi inasemwa kwa matumaini makubwa kwamba sayansi ya kompyuta, pamoja na kile kinachoitwa data kubwa, itainua ubora wa huduma za afya. Kwa istilahi hiyo tunakusudia mikusanyo ya taarifa zilizo nyingi mno, za aina mbalimbali na zinazoingia kwa kasi, kiasi kwamba haziwezi kuchambuliwa kwa mkono wala kwa programu za kawaida. Hatuyapingi matumaini hayo. Hoja yetu ni kwamba thamani ya mkusanyo wowote wa aina hiyo huamuliwa mapema sana, pale swali linapoulizwa na jibu linapoandikwa, na kwamba pale ndipo lugha inapofanya kazi yake kwa wema au kwa ubaya. Swali lisilogusa maisha ya anayeulizwa haliponyeki kwa kurudiwa mara milioni moja.

2.0 Safari ya matini

Kabla ya kuhakiki matini hatuna budi kueleza jinsi inavyoundwa. Kongo imegawanywa katika zaidi ya kanda 500 za afya. Kila kanda ina hospitali kuu ya rufaa na maeneo kadhaa ya afya, na kila eneo lina kituo chake kinachoongozwa na muuguzi mkuu. Mgonjwa anapofika kituoni hueleza hali yake kwa lugha aliyo nayo. Muuguzi humsikiliza, humpima, kisha huandika katika daftari, kwa Kifaransa, jina, umri, jinsia, dalili, ugonjwa na dawa. Mwisho wa mwezi mistari ya daftari huhesabiwa, na jumla zake huandikwa katika fomu ya taarifa. Fomu hupelekwa kwenye ofisi kuu ya kanda, nazo jumla huingizwa katika mfumo wa kompyuta unaoonekana jimboni na Kinshasa.

Mfumo huo ni DHIS2. Asili yake ni mradi ulioanza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, ili kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi. Baadaye mfumo uliendelezwa na kusimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na leo unatumiwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuueneza nchi nzima kwa njia ya intaneti, mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata.

Faida zake si za kubeza. Zamani karatasi za kituo cha mbali zingeweza kukaa kabatini miezi kadhaa kabla ya kufika zilikokusudiwa, na baadhi hazikufika kabisa. Sasa ofisa wa jimbo anaweza kuona kituo ambacho hakikuleta taarifa, kituo ambacho idadi ya wagonjwa wa surua imepanda ghafla, au kituo kinachodai kimetoa chanjo nyingi kuliko idadi ya watoto wake. Kosa linaloonekana linaweza kusahihishwa. Mwenye kuhakiki bila kukiri hayo atakuwa hawatendei haki wauguzi wanaokesha mwisho wa mwezi wakihesabu mistari kwa kalamu.

Hata hivyo, yafaa msomaji aangalie ni hatua ipi katika safari hiyo iliyopewa kompyuta. Ni hatua za mwisho. Kusikia, kuelewa, kuchagua safu na kuhesabu hubaki kuwa kazi ya mtu mmoja aliye mbele ya foleni ndefu. Mashine hupokea kile ambacho tayari kimekwisha amuliwa.

3.0 Tafsiri isiyo na mtafsiri

Tuchukue mfano mdogo. Mtu anaingia kituoni na kusema kwa Kiswahili cha Katanga, "Kifua inaniluma." Mwanafunzi wa sarufi sanifu atakimbilia upatanisho wa ngeli, na pengine kitenzi kuluma, ambacho katika lahaja hii kimehifadhi sauti iliyodondoka katika Kiswahili cha Pwani. Muuguzi hana nafasi ya mambo hayo. Anatakiwa kuamua kama neno kifua lina maana ya kikohozi cha siku tatu, cha miezi mitatu, maumivu ya mbavu baada ya kubeba magunia, dalili ya kifua kikuu au vumbi la miaka mingi. Katika Kiswahili neno hili hubeba yote hayo bila taabu, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wa kawaida wanajuana na mazungumzo yanaweza kuendelea. Jedwali halina subira hiyo. Linadai safu moja.

Maneno yenyewe hubadilika maana kutoka mahali hadi mahali. Msemaji wa Dar es Salaam akisikia mganga, aghalabu atamfikiria mtaalamu wa tiba za jadi. Msemaji wa Lubumbashi au Kolwezi akisema munganga, kwa kawaida anamkusudia daktari au muuguzi; yule wa jadi humwita kwa majina mengine, mojawapo likiwa mufumu. Sasa tuseme kwamba hojaji iliyotungwa kwa Kiswahili sanifu inaletwa Kolwezi ikiwa na swali, "Je, ulikwenda kwa mganga kabla ya kuja hapa?" Jibu la ndiyo litaandikwa kuwa ushahidi wa kuchelewa kwa sababu ya imani za jadi, kumbe mgonjwa anasema amekwisha kupita kwenye kituo kingine cha afya na hakupona. Majibu ya namna hiyo yakikusanywa kwa maelfu, yatajenga ukweli usiokuwapo, tena wenye kumlaumu asiyestahili lawama.

Utafiti uliofanywa Pwani ya Tanzania umewahi kutufunza jambo hilo. Katika miaka ya 1990 wachunguzi waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, wakiwamo Peter Winch na A. M. Makemba, walionyesha katika maandiko yao ya mwaka 1996 kwamba wakazi walitofautisha aina mbalimbali za homa, na kwamba degedege, ambayo daktari angeihesabu mara nyingi kuwa malaria kali ya mtoto, haikuhusishwa na malaria na wazazi wengi. Mradi ambao ungehesabu "malaria" kwa kuwauliza akina mama habari za "homa" tu ungewaacha nje watoto waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Kasoro ya kuwaacha ingetokana na swali, na kikokotoo kizuri kuliko vyote kisingeweza kuiona.

Kongo yenyewe ilipata funzo lililo chungu zaidi. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambao uliua zaidi ya watu 2,200, shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya ujumbe wa afya. Lilikuta kwamba maandishi ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu yaliwapita watu wengi kando, na kwamba wakazi walitaka maelezo marefu na ya kina kwa lugha zao, kikiwamo Kiswahili cha Kongo. Haitoshi basi kusema "tumetumia Kiswahili." Hatuna budi kuuliza ni Kiswahili cha nani.

4.0 Neno kazi na historia yake

Miongoni mwa maneno yote yanayoweza kuingia katika daftari la kituo cha Kolwezi, hakuna lenye uzito kuliko kazi. Ili kulielewa inafaa kurudi nyuma kidogo.

Kolwezi ni mji uliozaliwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake migodini pamoja na familia zao, badala ya kuwabadilisha kila baada ya miezi michache. Iliwapa nyumba, posho, shule na hospitali. Ilipima uzito wa watoto na kuhesabu vizazi na vifo. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba kampuni ilikuwa na hifadhidata ya afya kabla ya kompyuta. Kumbukumbu hizo zilisaidia kupunguza vifo, na hilo ni jambo la kweli. Ni kweli pia kwamba zilipangwa kwa haja ya mwajiri: aliyehesabiwa ni mfanyakazi, mke wa mfanyakazi na mtoto ambaye kesho angekuwa mfanyakazi.

Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake Kolwezi katika miaka ya 1960 miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, aliandika mwaka 1973 makala juu ya neno hilohilo, kazi. Alionyesha jinsi lilivyofungamana na ajira ya mshahara na jinsi wasemaji walivyolipa fikra pana zaidi ndani ya mafundisho yao. Kwa hoja yetu inatosha kukumbuka kiungo hicho cha kwanza: katika Kiswahili cha Katanga, kuwa na kazi kuliambatana na kuandikwa na kampuni.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, na kwa miaka mingi ikaendelea kuwa baba na mama wa mji. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka iliyofuata uzalishaji ukaanguka. Kati ya mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa jina la kuondoka kwa hiari. Waliotoka hawakupoteza mshahara peke yake. Walitoka pia katika hospitali ya kampuni, na hivyo katika kumbukumbu zake. Wengi wao, na watoto wao, wakaingia katika uchimbaji wa mikono. Wachimbaji hao mjini huitwa kwa neno la Kifaransa lililovishwa kiambishi cha Kibantu, bacreuseurs.

Sasa turudi kituoni. Muuguzi anauliza, "Unafanya kazi gani?" Kijana aliyetoka shimoni asubuhi anaweza kujibu, "Sina kazi," na kwa maana ya neno katika historia ya mji wake atakuwa hajasema uongo. Mama anayeosha mawe ya madini mtoni akiwa na mtoto mgongoni anaweza kujibu kwamba yuko nyumbani tu. Fomu ikiwa na nafasi ya kazi itajazwa "hana"; mara nyingi hata nafasi hiyo ikiwamo daftarini haifiki mbali, kwa sababu taarifa za jumla za kila mwezi kwa kawaida hupangwa kwa ugonjwa, umri na jinsia. Kazi ya mgonjwa hubaki katika daftari, au katika kumbukumbu ya muuguzi.

Je, hasara yake ni kubwa kiasi gani? Utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health unatupa kipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliwalinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za kimaumbile zinazoonekana na wengine 108 wasio na kasoro hizo. Jambo lililohusiana kwa nguvu zaidi na kasoro hizo lilikuwa baba kuwa na kazi ya madini. Uhusiano si uthibitisho wa mwisho wa chanzo, na idadi yenyewe si kubwa. Lakini ni dhahiri kwamba jambo hilo lisingejulikana kama mtu asingeuliza habari za kazi ya baba, tena kwa namna ambayo baba na mama wangeelewa wanaulizwa nini. Mfumo wa taarifa uliokusanya vizazi vyote vya ukanda wa shaba bila swali hilo usingekuwa na la kusema.

5.0 Udogo wa data kubwa

Mfano wa pili unatoka Kolwezi kwenyewe. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo. Watu wakachimba mashimo uani, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilifungwa kwa ukuta na kukabidhiwa kampuni, na wakazi wa sehemu hiyo wakahamishwa. Katika kipindi hicho timu ya Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven, ilipima damu, mkojo na vumbi la majumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Waliopimwa Kasulo walikuwa watu 72, miongoni mwao watoto 32. Walikutwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko watu wa mtaa wa karibu usio na mashimo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, ambao pia walionyesha dalili za kuathirika kwa vinasaba.

Watu 72 si data kubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo, taarifa zao zilisema jambo ambalo majumlisho ya kila mwezi hayakuundwa kulisema. Sababu ni kwamba mtafiti alianza na swali kuhusu mahali: nyumba yako iko wapi, na shimo liko wapi? Katika jedwali la kawaida, mtoto wa Kasulo mwenye kikohozi ni mstari mmoja katika safu ya magonjwa ya njia ya hewa, sawa na mtoto wa mji wowote usio na mgodi.

Yako mapungufu mengine ambayo wingi hauyatibu. Data za vituo huwahesabu waliofika. Katika nchi ambamo mgonjwa aghalabu hulipa kutoka mfukoni mwake, asiye na fedha huishia dukani kwa muuza dawa, nyumbani au kanisani, naye hahesabiwi popote. Mchimbaji anayehama kutoka shimo moja hadi jingine huandikwa mara tatu katika vituo vitatu kama watu watatu. Aidha, pale kituo kinapolipwa kwa kadiri ya huduma kinazoripoti, kama ilivyofanyika katika mipango kadhaa ya Kongo ya malipo kwa matokeo, namba hupata maslahi yake yenyewe na huhitaji kukaguliwa.

Tunayasema haya kwa sababu ya hatua inayofuata. Majedwali yanayojazwa leo ndiyo yatakayotumiwa kuifunza mashine kutabiri magonjwa, kugawa dawa na kupanga bajeti. Mashine hujifunza kutokana na yaliyopita. Ikiwa kazi, shimo na vumbi havikuandikwa, mashine itajifunza kwamba havina maana, nayo itatoa hukumu hiyo kwa lugha ya hesabu ambayo mkazi wa Kasulo hana njia ya kuijibu. Kejeli iliyopo haihitaji kutiwa chumvi: kobalti ya Lualaba imo katika betri za simu na kompyuta ambazo kwazo taarifa hizo hukusanywa.

6.0 Je, Kiswahili pekee ni dawa?

Yamkini msomaji atasema kwamba suluhisho ni jepesi: fomu zitafsiriwe kwa Kiswahili. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa kuwa Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na inaitaka serikali iziendeleze. Lakini tunao mfano wa jirani unaotuonya tusifanye haraka.

Tanzania ilianzisha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, katika miaka ya kwanza ya 1990. Jina ni la Kiswahili, na rejesta zake kadhaa zina safu za Kiswahili zinazoeleweka na muuguzi yeyote. Hilo ni fanikio ambalo wanaistilahi wetu wana haki ya kujivunia. Pamoja na hayo, waliouchunguza MTUHA wamerudia mara kwa mara lalamiko moja: taarifa hupanda juu, hazishuki. Kituo hujaza na kupeleka, bali mara chache hutumia alichokijaza kuamua mambo yake, na kijiji chenyewe hakisomewi kitu. Lugha ya safu ilikuwa yetu, lakini mwelekeo wa mazungumzo ulibaki kuwa uleule wa chini kwenda juu.

Taaluma yetu nayo ina sehemu yake katika mjadala huu. Tulitumia miaka mingi kushindanisha ngamizi, tarakilishi na kompyuta, na wananchi wakachagua kompyuta bila kutungoja. Kutunga istilahi ni kazi njema, lakini mgonjwa wa Kolwezi hahitaji jina jipya la mashine. Anahitaji swali linaloingia katika lugha yake. Kumletea "mganga" wa Pwani mahali penye "munganga" ni kubadilisha Kifaransa kigeni kwa Kiswahili kigeni. Vilevile Lualaba si Kolwezi peke yake. Kuelekea magharibi, katika maeneo ya Sandoa, Kapanga na Dilolo, Kirund cha Walunda na Kichokwe vina nguvu majumbani, na mpango utakaodhani kwamba Kiswahili kinamfikia kila mtu utawaacha wengine palepale Kifaransa kilipowaacha.

Lipo pia pingamizi zito kuliko yote, nalo ni la siri. Kumwuliza mtu kama anachimba, au kama mtoto wake anaosha mawe, ni kumwuliza jambo linaloweza kumtia matatani, kwa kuwa uchimbaji mwingi wa mikono hufanyika mahali pasiporuhusiwa na kazi ya watoto migodini imekatazwa na sheria. Safu ya kazi ikiingia katika mfumo bila ulinzi, inaweza kugeuka kuwa orodha ya polisi au ya kampuni. Kongo ilipata Sheria ya Mambo ya Kidijitali mwaka 2023, ambayo ina vifungu vya kulinda data za watu. Kifungu hakimlindi asiyejua kwamba kipo. Kwa hiyo ridhaa ya mgonjwa ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la saini: lazima aelezwe, kwa maneno anayoyaelewa, nani ataona jibu lake na nani hataliona. Asipoelezwa, atajibu "sina kazi," na safari hii atakuwa na sababu mbili za kujibu hivyo.

7.0 Hitimisho

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo matatu, ambayo yote yamo ndani ya uwezo wa vyuo vikuu vya eneo hili.

La kwanza ni maswali yaliyotungwa Kolwezi. Badala ya swali moja la kazi, muuguzi apewe maswali mafupi ya vitendo kwa Kiswahili cha mahali hapo: unachimba, unabeba, unaosha mawe, unauza, unalala karibu na shimo? Idara za Kiswahili na isimu, kwa kushirikiana na wataalamu wa sumu na mazingira wa Lubumbashi, zinaweza kuyajaribu maswali hayo katika vituo vichache, na kupima kama majibu yanatofautiana na yale ya swali la zamani.

La pili ni kuhifadhi neno la mgonjwa. Haiwezekani kuandika kila kauli ya kila mtu, wala si lazima. Siku moja tu ya mwezi, kwa idhini na bila majina, muuguzi aandike maneno yenyewe pembeni mwa safu aliyoichagua. Kwa mwaka mmoja tungekuwa na mkusanyo wa Kiswahili cha ugonjwa cha ukanda wa shaba, wenye manufaa kwa daktari na kwa mwanaisimu pia. Wanaodhani kwamba lahaja hii haifai kuandikwa wakumbuke historia ya Elisabethville iliyotungwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965, ambayo Fabian aliichapisha mwaka 1990. Watu wa Katanga walikwisha kuweka kumbukumbu zao kwa lugha yao bila kungoja ruhusa ya wasanifishaji.

La tatu ni kurudisha. Kila eneo la afya nchini Kongo linatakiwa kuwa na kamati ya wananchi, inayojulikana kwa kifupi cha CODESA. Taarifa ya mwezi isomwe mbele ya kamati hiyo kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingine ya eneo, na wajumbe waulize. Mkulima atasema kwamba mwezi ule barabara ilikatika na ndiyo maana wajawazito hawakuja. Mchimbaji atasema kwamba shimo jipya lilifunguliwa nyuma ya shule. Maelezo ya aina hiyo hayawezi kutolewa na mashine yoyote, nayo ndiyo yanayoigeuza namba kuwa uamuzi.

Mapendekezo haya hayahitaji mitambo mipya. Yanahitaji muda wa muuguzi, ambao lazima ulipwe, na yanahitaji wataalamu wa lugha wakubali kwamba foleni ya kituo cha afya ni uwanja wa utafiti sawa na maktaba. Mtoto wa Kasulo aliyepimwa akiwa na miaka mitano sasa ni kijana. Ameshaandikwa mara nyingi katika madaftari, na huenda ataandikwa tena mwezi huu. Kama safu atakayowekwa itaeleza lolote juu ya vumbi alilolilalia, inategemea kwa sehemu kubwa swali atakaloulizwa na lugha atakayoulizwa kwayo.